Aliyefanya Ana Jina



Kazi ya ukarani wa parokia, kama wengi mnavyoijua, ni kazi ya vitabu. Kuna kitabu cha ubatizo, cha ndoa, cha zaka, na cha marehemu. Mtu akitaka cheti cha mwanawe nafungua kitabu, natafuta mwaka, natafuta jina, naandika. Lakini kwa kuwa watu wanajua kwamba nilisomea ualimu, na kwamba mwandiko wangu unasomeka, huniletea pia barua zisizo za Kanisa. Huyu ana shauri la mpaka wa shamba, yule anataka kumwandikia kijana wake aliyepotelea mjini. Na wengi, kuliko mnavyodhani, wana malalamiko juu ya watu wenye vyeo.

Katika malalamiko hayo nimeona jambo moja ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mlalamikaji akianza kusema, husema "Serikali". Serikali imenifungia. Serikali imenipiga. Serikali imechukua baiskeli yangu mnadani. Nami humwuliza: huyo Serikali alikuwa mrefu au mfupi? Alivaa shati gani? Wengine hucheka, wengine hukasirika wakidhani nawafanyia mzaha. Simfanyii mtu mzaha. Fungueni kitabu chochote cha ubatizo, hata kile cha zamani kilichoandikwa na mapadre wa kwanza wa misioni. Hamtaona palipoandikwa kwamba Kanisa lilimbatiza mtoto fulani. Pameandikwa jina la padre aliyebatiza, na saini yake, na tarehe. Akikosea, tunajua ni nani. Kanisa ni kubwa kuliko padre yule, na bado jina lake lipo pale, miaka mia baadaye.

Basi, wakati wa kiangazi alinijia mama mmoja mjane, mtu wa jumuiya ya jirani. Sitataja jina lake wala la kijiji chake, na mtakaomtambua nawaomba mnyamaze. Aliketi kwenye benchi, akavua kandambili, akasema, "Mwalimu, Serikali imenichukulia mbuzi wangu wawili."

"Pole, mama. Nani aliyekuja?"

"Serikali."

"Walikuja wangapi?"

"Watatu. Mtendaji, na mgambo wawili. Mgambo mmoja ni mtoto wa dada wa marehemu mume wangu."

Hapo ndipo habari ilipoanza kuwa habari. Mtendaji alimdai mchango wa ujenzi wa darasa. Mama alisema amekwisha kulipa, na alikuwa ameshalipa kweli, isipokuwa hakupewa stakabadhi. Aliambiwa vitabu vya stakabadhi vimekwisha. Walipobishana, mtendaji akaamuru mbuzi wafunguliwe. Mama akashika kamba. Kwa kosa la kushika kamba ya mbuzi wake mwenyewe alifungiwa katika chumba cha nyuma cha ofisi ya kijiji, penye magunia ya saruji, tangu saa kumi alasiri hadi asubuhi ya pili. Hakupelekwa polisi, hakupelekwa mahakamani, wala hapana karatasi yoyote iliyoandikwa. Nyumbani aliacha wajukuu wawili, mkubwa ana miaka minane.

Nilimwuliza anataka nini. Nilidhani atasema mbuzi. Akasema, "Mbuzi nawataka, ndiyo. Lakini nataka aseme mbele ya watu kwamba sidaiwi. Maana sasa kisimani wananiita mdaiwa sugu."

Tuliandika. Nikaweka siku, saa, mahali, na majina matatu. Alichokiona mwenyewe niliandika kwamba alikiona. Alichosikia kwa jirani nilikiacha. Katika hili mimi ni mkali, na watu hawanipendi kwa sababu hiyo. Mwaka mmoja kijana alinitaka nimshtaki mtendaji mwingine kwa rushwa. Nilipomchimba nikaona kosa lenyewe la mtendaji ni kukataa kugonga muhuri kwenye mauzo ya shamba la urithi ambalo kijana huyo hakuwa na haki ya kuliuza. Nilimrudishia karatasi yake. Amri ya nane inawalinda hata watu wenye mihuri. Ukitaja jina la mtu, yakupasa uwe na hakika kuliko yule anayelalamikia "Serikali" tu, na labda ndiyo sababu wengi wetu tunapenda kusema "Serikali": haituambii leta shahidi.

Barua ilikuwa ya Mkurugenzi wa Halmashauri ya Wilaya, kwa kuwa mtendaji wa kijiji ni mwajiriwa wa Halmashauri, na nakala kwa mwenyekiti wa kijiji. Mama akaweka kidole gumba. Kabla wino haujakauka, kijiji kilikuwa kimekwisha kujua.

Jumapili baada ya Misa wazee wawili walinifuata chini ya mwembe. Ni watu wema, mmoja wao ni kiongozi wa walei, na siwalaumu. Walisema mtendaji ni Mkristo mwenzetu, huketi kiti cha mbele, na alituletea lori la mchanga tulipojenga nyumba ya masista. Walisema karani wa parokia akimwandika mtendaji, kesho tukiomba kibali tutazungushwa. Mwisho mmoja akasema neno zito: kwamba Mtakatifu Paulo aliwafundisha Warumi watii mamlaka, kwa sababu mamlaka yatoka kwa Mungu.

Neno hilo ni la kweli, na mtu asiligeuze. Lakini ni Paulo huyo huyo aliyekuwa Filipi. Someni wenyewe Matendo ya Mitume, sura ya 16. Yeye na Sila walivuliwa nguo hadharani, wakapigwa fimbo kwa amri ya mahakimu wa mji, wakatupwa gerezani miguu yao ikiwa katika mkatale, bila kesi yoyote kusikilizwa. Asubuhi mahakimu wale wale wakatuma askari kusema, waachilieni waende. Mlinzi wa gereza akafurahi, akadhani Paulo naye atafurahi. Paulo akakataa kutoka. Alisema kwamba walimpiga mbele ya watu bila hukumu, naye ni raia wa Rumi, na sasa wanataka kumtoa kwa siri. Hapana, waje wao wenyewe wamtoe. Mahakimu wakaogopa, wakaja kwa miguu yao, wakawasihi.

Tazameni alichotaka. Hakuilaani dola ya Rumi. Hakudai fedha. Hakuwachochea watu wa mji. Alitaka watu fulani, waliotoa amri fulani, wavae viatu vyao watembee hadi gerezani. Katika kitendo hicho sioni uasi hata kidogo. Naona mtu anayeiheshimu sheria kuliko waliopewa kuitunza. Na baadaye, alipokuwa akishtakiwa huko Kaisaria, akakata rufani kwa Kaisari, kama sheria ilivyomruhusu.

Mzee akafikiri kidogo, akasema, "Lakini Paulo alikuwa raia wa Rumi. Huyu mama ni nani?"

Nikamjibu, "Mzee wangu, huyu mama ni raia wa Tanzania."

Alinyamaza. Sikusema nimemshinda, huenda alinyamaza kwa kunihurumia.

Tena si mambo ya Biblia peke yake. Sheria za nchi yetu zinajua vizuri kutofautisha kiti na mtu anayekikalia. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 96, inamtia hatiani mtumishi wa umma ambaye, kwa kutumia vibaya mamlaka ya kazi yake, anafanya au anaagiza kifanyike kitendo cha kuonea kinachodhuru haki za mwingine. Sikilizeni maneno hayo mawili: anayefanya, na anayeagiza. Hata Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997, ile iliyowapa wakuu wa mikoa na wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu awekwe ndani kwa saa zisizozidi 48, haikuwapa uwezo huo hivi hivi. Iliwataka wawe na sababu za kuamini kwamba mtu ametenda kosa au atavunja amani, waziandike sababu hizo kwa hakimu, na ikasema wazi kwamba atakayeutumia vibaya uwezo huo ashtakiwe chini ya Kanuni ya Adhabu. Wakubwa hao wamepewa masharti namna hiyo. Mtendaji wa kijiji na chumba chake cha saruji yeye amepewa nini?

Na mgambo je? Yule mpwa wa marehemu alinijia usiku, akasema, "Mimi niliagizwa tu." Kijana wa watu, sura yake ilikuwa mbaya kwa aibu. Nilimkumbusha wazee wa mji wa Nabothi, ambao nao waliletewa barua yenye muhuri wa mfalme, wakafanya walivyoagizwa, na Nabothi akapigwa mawe kwa ajili ya shamba lake la mizabibu. Sikumwambia zaidi. Wengi wenu wenye umri kama wangu mnakumbuka mgambo wa kodi ya kichwa, kabla kodi hiyo haijafutwa mwaka 2003: baba zetu walivyolala mashambani, na sisi watoto tulivyofundishwa kusema baba amesafiri. Wale mgambo walikuwa watoto wa nani, kama si wa hapa hapa?

Siku hizi husikia watu wakisema kwamba mkubwa haguswi, na kwamba mnyonge hana haki. Wanaosema hivyo hawajasoma habari za nchi yao wenyewe, tena za kanda yetu hii ya Ziwa. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, palifanyika msako mkubwa kwa sababu ya mauaji ya watu waliotuhumiwa uchawi. Watu wengi walikamatwa. Waliteswa ili wakiri, na baadhi walikufa mikononi mwa maofisa waliowakamata. Habari zilipofika juu, hazikuishia kwa kusema Serikali inasikitika. Mwaka 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu, na waziri mwingine pamoja naye, na wakuu wa mikoa yote miwili. Mwinyi hakuwa amemgusa mtu hata mmoja kwa mkono wake. Alisema kwa kitendo chake kwamba waliotesa walikuwa chini ya wizara yake. Wote tunajua kwamba heshima yake haikufa kwa hilo: mwaka 1985 alikuwa Rais wa nchi hii, na alipofariki mwaka 2024 wengi walimkumbuka kwa jambo hilo kabla ya mengine.

Lakini watu wakiisimulia habari hiyo huishia kwa Mwinyi, nami naona wanaikata mahali pasipofaa. Maana baada ya waziri kujiuzulu palibaki swali la waliopiga. Baadaye maofisa wa polisi na wa usalama walifikishwa Mahakama Kuu wakatiwa hatiani na kufungwa. Mambo hayo mawili hayafanani. Moja ni la mkubwa kubeba aibu ya nyumba yake. La pili ni la mtu kujibu kwa alichofanya kwa mikono yake. Nyumba ikiwa na la kwanza bila la pili, wakubwa watabadilishwa kila mwaka na fimbo zitabaki pale pale ukutani.

Wala malalamiko ya mwananchi mmoja si jambo geni la kuletwa na watu wa nje. Nchi hii ilikuwa ya kwanza katika Afrika kuunda chombo cha namna hiyo, Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, iliyoanza kazi mwaka 1966 chini ya Chifu Erasto Mang'enya. Wajumbe wake walisafiri mikoani wakisikiliza watu, hata wasiojua kuandika. Udhaifu wake ulikuwa kwamba taarifa zake zilikwenda kwa Rais, na mlalamikaji akabaki akingoja. Mwaka 2001 mahali pake pakachukuliwa na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo hupokea malalamiko kwa barua au kwa mdomo, wala haitozi ada.

Mashauri ya mwanzo ya Tume hiyo mpya yalikuwamo ya jirani zetu wa Nyamuma, wilaya ya Serengeti. Oktoba 2001 wanakijiji wale waliondolewa kwa nguvu, nyumba zao zikachomwa moto, vyakula vikateketea. Watu 135, wakisaidiwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, walipeleka malalamiko yao. Nami hupenda kutazama walivyoandika. Hawakuandika kwamba Serikali imetuchomea. Walimwandika Mkuu wa Wilaya, wakamwandika Mkuu wa Polisi wa wilaya, na Mwanasheria Mkuu nyuma yao. Tume ikawasikiliza, na mwaka 2004 ikasema haki zao zilivunjwa na walipwe fidia. Serikali ikakataa kutekeleza. Wakaenda Mahakama Kuu, wakashindwa. Wakaenda Mahakama ya Rufani, nayo mwaka 2006 ikaamua kwamba Mahakama Kuu inao uwezo wa kutekeleza mapendekezo ya Tume. Hesabuni miaka hiyo. Mtu aliyechomewa ghala la mtama hawezi kula hukumu ya Mahakama ya Rufani, na mimi sitawaambia kwamba njia hii ni fupi. Ila kabla ya watu wale 135, mtumishi angeweza kusema kwamba maneno ya Tume ni ushauri tu. Baada yao, hawezi kusema hivyo kwa urahisi.

Hata mawaziri wamepitia. Mwaka 2015 Basil Mramba na Daniel Yona, waliokuwa mawaziri, walihukumiwa kifungo kwa kutumia madaraka vibaya katika msamaha wa kodi wa kampuni moja ya kigeni. Mwaka 2016 kifungo kikageuzwa kuwa kazi za jamii, wakaonekana wakifagia hospitali huko Dar es Salaam. Hapa kijijini watu walicheka sana. Mimi sikucheka. Nilifikiri kwamba ufagio ule ulikuwa na maana kuliko hotuba nyingi.

Sasa nirudi kwa mama yetu, maana najua mnangoja. Mwezi wa kwanza ulipita kimya. Mtendaji alipita mbele ya ofisi ya parokia bila kusalimu. Kibali cha wazee wale kilizungushwa kweli, kama walivyosema, wiki tatu. Baba Paroko aliniita akaniuliza kila nilichoandika ni kweli? Nikamwambia ndiyo, Padre. Akasema basi endelea na kazi yako, na hakuligusa jambo hilo tena.

Mwezi wa pili alikuja ofisa kutoka wilayani, mwanamke, na daftari lake. Alimsikiliza mama, akamsikiliza mtendaji, akamwita mgambo mpwa wa marehemu. Kijana yule alisema ukweli wote, na mimi naamini ilimgharimu. Ofisa akataka kuona kitabu cha stakabadhi cha mwezi ule. Kilikuwapo, na hakikuwa kimekwisha. Kurasa nyingi zilikuwa nyeupe. Akaondoka bila kusema neno.

Katika mkutano mkuu wa kijiji uliofuata, mapato na matumizi yalipokwisha kusomwa, mwenyekiti akasema mtendaji ana tangazo. Mtendaji akasimama na karatasi. Akasoma haraka, kwa sauti ya chini, kwamba mama fulani alikwisha kulipa mchango wake, kwamba hadaiwi, na kwamba kuchukuliwa mifugo yake na kuwekwa kwake ofisini hakukuwa halali, na yeye aliyesoma ndiye aliyeamuru. Akakunja karatasi. Mzee mmoja wa nyuma, ambaye masikio yake ni mazima kabisa, akasema, "Huku hatujasikia, rudia." Watu wakacheka, mwenyekiti akagonga meza. Mtendaji akaifungua karatasi tena akasoma mara ya pili, polepole, na mama akiwa amekaa chini na wajukuu wake, anatazama mbele.

Alirudishiwa mbuzi mmoja. Wa pili alikwisha kuchinjwa, na thamani yake haijalipwa hadi ninapoandika haya. Barua ya kumkumbusha Mkurugenzi iko tayari juu ya meza yangu, ina tarehe na majina kama ile ya kwanza. Mama atakuja Jumatatu kuweka kidole.